Samaki katika chupa: habari za waliokusanya samaki wa Ziwa Tanganika

Kule Tervuren, karibu na mji wa Bruxelles, na kule London pia, kuna nyumba zenye rafu nyingi zilizojaa chupa. Ndani ya chupa hizo mna samaki. Wengi wao walivuliwa katika maji yetu: Ziwa Tanganika, Ziwa Moero, Lualaba, na mito mingine inayokwenda kuingia katika mto Kongo. Rangi zao zimekwisha kupotea, macho yamefanya ukungu, na kinachowafunika si maji bali ni alkoli. Kila chupa ina kikaratasi chake kidogo.

Mtu akisikia habari hiyo mara ya kwanza atauliza: Samaki asiyeliwa ana faida gani? Tena atauliza: Kwa nini watu wazima walisafiri miezi mingi, wakaugua homa, wakalipa wapagazi, ili wachukue samaki ambao mtoto wa Kalemie au wa Uvira huwaona sokoni kila asubuhi? Maswali hayo ni ya haki. Tusiyajibu kwa maneno matupu, bali tuiache historia iyajibu. Na mwishoni tutaona jambo moja ambalo wakusanyaji wengi hawakuliandika, nasi twaweza kuliandika bado.

I. Maganda ya konokono na mnyama wa bahari

Ziwa Tanganika lina urefu wa kilometre 670 hivi toka kaskazini hata kusini, na kina chake ni metre 1.470. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal peke yake, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Siku hizi nchi 4 zapakana nalo: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia.

Wavuvi wa kandokando waliwajua samaki wao tangu zamani sana. Lakini wenye elimu wa Ulaya walianza kupata habari baada ya mwezi wa pili wa mwaka 1858, Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji. Waliifuata njia ya misafara iliyotoka pwani na kupita Tabora, njia ileile iliyoleta lugha ya Kiswahili mpaka ziwani na kuivusha ng'ambo yetu. Speke aliokota maganda machache ya konokono ufukoni, akayapeleka London, na mwaka 1859 bwana Woodward akayaandika katika elimu. Maganda hayo yalishangaza watu. Yalikuwa ya konokono wa maji baridi, lakini sura yao ilikaribia ile ya konokono wa bahari.

Halafu mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona ndani ya ziwa mnyama laini, wa sura ya mwavuli mdogo, mwili wake waonekana kama maji yaliyoganda. Watu wa pwani humwita yavuyavu, na jamaa yake karibu wote hukaa baharini. Basi swali likazidi kuwa kubwa: Mnyama wa bahari alifikaje katikati ya Afrika?

Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara 2 kutafuta jibu, mwaka 1895 na mwaka 1899. Alivua samaki, konokono, kaa na wadudu wa majini, akavipeleka London. Mwaka 1903 alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Neno lake lilikuwa hili: zamani sana bahari ilifika hapa, halafu ikarudi, nalo ziwa likabaki kama shimo lililosahauliwa na maji ya bahari. Neno hilo lilipendeza wengi, kwa sababu ni rahisi kulielewa.

Lakini katika elimu neno zuri halitoshi. Mwaka 1904 na 1905 W. A. Cunnington alikuja akakusanya tena, kwa bidii zaidi. Viumbe vyote vikalinganishwa, kiungo kwa kiungo. Hata mwisho ikaonekana kwamba Moore alikosa. Konokono wale si mabaki ya bahari. Ni watoto wa ziwa lenyewe. Siku hizi wengi wasema kwamba ziwa lina umri wa miaka milioni 9 hata 12. Katika muda mrefu namna hiyo viumbe vilivyofungiwa humo viligeuka polepole, kila aina ikapata sura na desturi yake. Aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa ya Cichlidae hukaa ndani ya Tanganika, na karibu zote hazipatikani mahali pengine po pote duniani.

Tuangalie vema jambo hilo. Si maneno ya mtu mwenye sauti kubwa yaliyokata shauri, ila ni viumbe vyenyewe vilivyowekwa. Maneno ya Moore yamepita; konokono na samaki wake bado wapo, na ye yote aweza kuwauliza tena. Kiumbe kilichowekwa katika chupa ni shahidi asiyekufa.

II. Namna ya kumfanya samaki awe shahidi

Kazi yenyewe haina fumbo. Mkusanyaji mwenye busara huanza sokoni na ufukoni, maana wavuvi wamekwisha kuvua, nao wajua kila samaki alipatikana wapi. Halafu hutega nyavu na ndoano mwenyewe ili apate wale wadogo wasionunuliwa na mtu. Samaki wanaojificha katika mawe ni wagumu kupata. Katika vijiji vingi watu walitwanga majani ya utupa na kuyamwaga penye maji yaliyotulia. Samaki wakakosa pumzi, wakaelea. Sumu iliyomo yaitwa rotenone, na hata wenye elimu waliitumia kwa kazi yao. Lakini kuvua kwa sumu kumekatazwa katika nchi nyingi, na ni haki, kwa sababu sumu haichagui: yaua mama pamoja na watoto.

Samaki akipatikana, lazima aokolewe na uozo. Zamani ilitumika alkoli tu. Tangu mwaka 1893 ilijulikana nguvu ya formoli. Fungu 1 la formoli huchanganywa na mafungu 9 ya maji, na samaki hulazwa humo siku nyingi mpaka nyama ikakauke. Samaki mkubwa hupasuliwa kidogo tumboni ili dawa iingie, lakini hupasuliwa upande wa kuume, maana desturi ni kumchora samaki kwa ubavu wa kushoto. Baadaye huoshwa na kuwekwa katika alkoli ya nguvu ya 70 kwa 100. Siku hizi kwanza hukatwa kipande kidogo cha pezi au cha nyama na kuhifadhiwa katika alkoli safi, kwa sababu formoli huharibu ile asili ya ndani ambayo wenye elimu huisoma ili wajue ujamaa wa aina na aina.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa, ndilo kikaratasi. Huandikwa kwa kreyo, siyo kwa wino, maana wino huyeyuka. Huandikwa mahali, siku, kina cha maji, chombo kilichotumika na jina la mkusanyaji. Huingizwa ndani ya chupa pamoja na samaki, isibandikwe nje tu, kwa sababu kitu kilichobandikwa nje huanguka.

Padri au katekista ataelewa upesi. Kitabu cha ubatizo kina jina la mtoto, la wazazi, la msimamizi, mahali na siku. Miaka 40 ikipita, mtoto yule akitaka ndoa, kitabu husema kweli hata kama watu wote waliokuwako wamekufa. Lakini kama katekista aliandika tu «mtoto mmoja amebatizwa», atasaidia nani? Vivyo hivyo samaki asiye na kikaratasi ni nyama tu iliyolowekwa. Wazee wa pwani husema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

III. Majina ya Kilatini

Samaki waliofika Ulaya walipewa majina. Aliyefanya kazi hiyo kuliko wote ni George Albert Boulenger. Alizaliwa Bruxelles mwaka 1858, ule mwaka Speke alipoliona ziwa. Kazi yake aliifanya London, katika nyumba kubwa ya makumbusho. Mwaka 1901 alitoa kitabu juu ya samaki wa bonde la Kongo, na kati ya mwaka 1909 na 1916 akatoa vitabu 4 juu ya samaki wote wa maji baridi wa Afrika. Samaki walimfikia toka kila upande: toka kwa Moore, toka kwa maofisa wa Leta huru ya Kongo, toka kwa waganga na wasafiri.

Mseminari anayejifunza Kilatini atasoma majina hayo bila shida, kwa maana mengi yako katika genitivus. Tropheus moorii ni samaki «wa Moore». Lamprologus lemairii ni «wa Lemaire», ofisa Mbeleji aliyeongoza safari ya elimu katika Katanga mwaka 1898 hata 1900. Lates stappersii ni «wa Stappers», yule daktari Mbeleji aliyechunguza Tanganika na Moero toka mwaka 1911. Julidochromis marlieri ni «wa Marlier», aliyefanya kazi Uvira. Cunnington naye alipewa jamii nzima, Cunningtonia.

Huyo Lates stappersii si mgeni kwetu. Ni yule ambaye Uvira na Bujumbura wamwita mukeke, na Kigoma wamwita mgebuka. Vizazi vingi vilimla na kumwita kwa jina kabla daktari Stappers hajazaliwa. Twarudi kwenye neno hilo baadaye.

IV. Toka Albertville mpaka Uvira

Baada ya vita ya pili ya dunia Wabeleji walituma safari kubwa ya elimu ya maji. Mwaka 1946 na 1947, chini ya uongozi wa Eugène Leloup, walizunguka ziwa lote. Mmoja wao, Max Poll wa makumbusho ya Tervuren, alikuwa na kazi ya samaki. Alikusanya wengi, akaandika vitabu viwili vinavyotumika hata leo: kimoja cha mwaka 1953 juu ya samaki wasio Cichlidae, na kimoja cha mwaka 1956 juu ya Cichlidae. Wenzake walipima joto la maji, chumvi zake na hewa iliyomo. Maana sehemu kubwa ya ziwa haina hewa: upande wa kaskazini samaki hawaishi chini ya metre 100 hivi, na kusini chini ya metre 200 hivi. Maji yote ya chini ni kama pango tupu.

Mwaka 1947 vilevile iliundwa IRSAC, chuo cha uchunguzi wa elimu katika Afrika ya kati, makao yake Lwiro karibu na Bukavu. Kiliweka nyumba yake ya maji Uvira. Samaki mmoja aitwaye Tanganicodus irsacae hubeba jina la chuo hicho. Badiliko hilo lilikuwa kubwa: sasa mtu aliweza kukaa ziwani mwaka mzima na kumtazama samaki akiwa hai, akijenga kiota, akilinda mayai, wala si kumpima tu akiwa amekufa. Baada ya uhuru Wakongo walichukua kazi ile, na toka mwisho wa miaka ya 1970 walisaidiana na Wajapani wa Kyoto. Mwaka 1993 Michio Hori alionyesha jambo la ajabu juu ya samaki Perissodus microlepis, anayekula magamba ya wenzake. Wengine mdomo wao umepindika kuume, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu. Kama wa upande mmoja wakizidi, windo hujifunza kujilinda upande ule, nao hupungua. Hivyo pande mbili hukaa sawasawa. Jambo hilo halikujulikana kwa samaki mmoja wala wawili, ila kwa kukusanya mwaka baada ya mwaka na kuhesabu.

V. Padri mkusanyaji

Tuondoke kidogo ziwani, twende kwenye mito ya Équateur, katika nchi ya Wamongo. Huko alikuwako Padri Gustaaf Hulstaert, wa shirika la Wamisionari wa Moyo Mtakatifu, aliyezaliwa mwaka 1900, akafika Kongo mwaka 1925, akafa mwaka 1990. Wengi wamjua kwa ajili ya lugha ya Lomongo, na kwa ajili ya gazeti Aequatoria alilolianza pamoja na Padri Boelaert mwaka 1937. Lakini alipenda pia vipepeo, mimea na samaki. Samaki aliyemkusanya alifika mbele ya Max Poll, na mwaka 1945 Poll akamwita Barbus hulstaerti. Ni samaki mdogo sana, hapiti urefu wa kidole.

Kwa nini tumtaje padri huyo katikati ya mabingwa? Kwa sababu alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya sana. Alipokusanya mimea aliuliza majina yake kwa wenyeji, akayaandika kwa uangalifu uleule alioutumia kwa lugha. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1966. Kwake jina la mwenyeji halikuwa pambo. Lilikuwa elimu ya watu walioishi na mti ule, waliojua unachanua lini na unaponya nini.

VI. Faida iliyochelewa

Sasa twaweza kujibu lile swali la kwanza. Mwaka 2003 makundi mawili ya wenye elimu yalitoa habari juu ya Tanganika. Walilinganisha joto la maji ya siku zao na vipimo vya zamani, tangu mwaka 1913. Waliona kwamba ziwa limepata joto. Maji ya juu yakiwa na joto zaidi, huelea kama mafuta, hayachanganyiki vema na maji ya chini. Basi chakula kilicho chini hakipandi, vimelea vidogo vya majini hupungua, na ndakala wanaovila hupungua, na mukeke anayekula ndakala hupungua naye. Kundi moja lilikadiri kwamba uzazi wa vimelea hivyo umeshuka kadiri ya 20 kwa 100, na samaki wapata 30 kwa 100.

Mvuvi anayerudi asubuhi na mtumbwi mwepesi hahitaji kuambiwa kwamba samaki wamepungua. Nyavu zenye matundu madogo na wingi wa wavuvi vyaleta hasara kweli. Lakini bila vile vipimo vya zamani, nani angejua kwamba joto nalo lina sehemu yake? Serikali zingemlaumu mvuvi peke yake. Yule aliyetumbukiza kipima-joto mwaka 1913 na kuandika hesabu katika daftari hakujua kwamba baada ya miaka 90 daftari lake litamtetea mvuvi. Hiyo ndiyo faida ya kuandika: hatujui ni nani atakayeihitaji.

VII. Kilichosahauliwa

Turudi kwenye majina. Tumetaja Moore, Lemaire, Cunnington, Stappers, Marlier, Hulstaert. Katika hayo yote halimo jina la mvuvi hata mmoja. Lakini ni nani aliyepiga kasia? Ni nani aliyesema: hapa penye mawe wapo, pale penye mchanga hawapo, wakati wa mwezi mwangavu usitege? Mzungu aliandika «Moliro» au «Albertville» na siku ya mwezi, na jina lake mwenyewe. Elimu ya aliyemwongoza mara nyingi haikupata hata mstari mmoja. Hatusemi hivyo ili kuwatukana waliokufa, maana walihifadhi kitu cha thamani. Twasema kwa sababu haki yadai hesabu kamili.

Mambo yameanza kugeuka. Mwaka 2007 samaki mmoja wa Tanganika aliitwa Neolamprologus chitamwebwai, kwa heshima ya mchunguzi Mtanzania wa Kigoma. Na mwaka 2016 samaki wa bonde la mto Lowa, mashariki ya Kongo, aliitwa Marcusenius kaninginii, kwa heshima ya mwalimu Kaningini wa Bukavu. Na wa kwanza katika walioandika habari yake ni Mkongo, Kisekelwa, wa Bukavu vilevile. Hiyo genitivus ya Kilatini imeanza kusema Kiswahili na Kishi!

Lakini chupa nyingi bado ziko mbali. Mwanafunzi wa Kalemie anayetaka kumwona samaki wa kwanza wa aina fulani, yule aliyewekwa kuwa kipimo cha aina yote, mara nyingi lazima apande ndege. Na majina ya wenyeji yapotea nyumbani. Kila mzee mvuvi anayekufa hubeba majina: jina la samaki akiwa mtoto, jina lake akiwa mkubwa, jina la upepo unaomleta, jina la jiwe anapotaga. Majina hayo hayamo Tervuren wala London.

Basi, katekista wa kando ya maji, na wewe mseminari unayekwenda likizo kwenu, kazi hii haihitaji formoli wala chupa. Yahitaji daftari na kreyo. Mwombe mvuvi ruhusa, umwulize, uandike: jina la samaki katika lugha ya mahali, urefu wake kwa mkono au kwa metre, alipopatikana, mwezi gani, kwa chombo gani, anakula nini, zamani walipatikana wengi au wachache. Mwishoni andika jina la aliyekufundisha, kama akikubali. Usisahihishe maneno yake ili yafanane na kitabu. Mkitofautiana wawili, andika maneno ya wote wawili.

Daftari moja ni kitu kidogo, kama yale maganda machache aliyookota Speke. Lakini mwaka 1858 hakuna aliyejua swali gani litatoka katika maganda yale. Wavuvi walioliongoza kila wavu tangu siku ile walistahili kuandikwa. Walio hai bado wanastahili, nao bado wako ufukoni.